Kamati imevunjwa, deni limebaki: nimdai nani?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mpiga kinanda na kiongozi wa bendi ndogo ya watu sita hapa Mwanza, na ninaishi Buzuruga pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Kazi zetu ni harusi, sendofu, kipaimara na sherehe za kuhitimu. Nina mambo matatu yaliyofungamana kiasi kwamba kila ninapojaribu kulifungua moja, mengine mawili yanakaza.

La kwanza ni deni. Mwezi wa Agosti tulipiga katika harusi moja kubwa hapa mjini kwa makubaliano ya shilingi 1,200,000, sisi tukija na vyombo vyetu pamoja na spika za kukodi. Mwenyekiti wa kamati alinipa kishika uchumba cha shilingi 400,000, na wiki ya harusi wakaongeza 200,000. Zilizobaki, yaani 600,000, waliahidi kutulipa usiku ule ule baada ya zawadi kuhesabiwa. Saa tisa usiku, tukiwa tunakunja nyaya, mweka hazina akaniambia kwamba aliyeshika fedha ameshaondoka na kwamba nimtafute Jumatatu. Jumatatu hiyo imekuwa miezi mitatu. Mweka hazina hapokei simu tena; mwenyekiti anapokea, ananiita "mdogo wangu" kwa upole mwingi, kisha ananieleza kwamba watoa ahadi hawajamaliza michango yao na kwamba, kwa vyovyote, kamati imeshavunjwa. Ni kweli imevunjwa, kwa sababu niliona kwenye WhatsApp picha za hafla ya kuvunja kamati, wakiwa katika bustani moja Nyegezi, mbuzi mzima mezani.

Wenzangu watano niliwaahidi shilingi 80,000 kila mmoja, na sikuwa na uso wa kuwaambia wasubiri. Baada ya kulipia kenta, spika, fundi mitambo na mafuta ya jenereta, jumla 380,000, nilibaki na 220,000 mkononi. Pungufu ya 180,000 niliitoa kwenye mtaji wa mke wangu, ambaye hununua dagaa Mwaloni Kirumba na kuwapeleka kwa wateja wake Shinyanga. Nilimwambia nitairudisha baada ya siku tatu. Hajanigombeza, ila fedha zake sasa anaziweka kwenye kikundi cha akina mama na kitabu anakihifadhi shoga yake, na jambo hilo linanisema kuliko maneno.

La pili ni baba yangu mdogo, aliyenisomesha sekondari baada ya baba kufariki. Anaoza binti yake Sengerema Jumamosi ya mwisho ya Desemba. Katika kikao cha kwanza cha kamati, mimi nikiwa sipo, alisimama akasema kwamba muziki upo, "ni wa mwanangu, hilo limekwisha." Nimeambiwa bajeti haina kabisa kifungu cha muziki. Wenzangu wananiuliza nani atawalipa, na kuna mteja wa Pasiansi anayetutaka siku hiyo hiyo kwa bei kamili. Nikitaja fedha mbele ya baba mdogo nitaonekana nimeota mapembe; nisipotaja, sina bendi mwezi wa Januari.

La tatu ni tuzo. Mwimbaji wetu wa kike ana kipaji cha kutaja watu kwa majina na koo zao, na wageni humtunza sana, usiku mwingine hata zaidi ya 150,000. Anasema fedha hiyo ni jasho lake. Mpiga besi anasema bila besi hakuna anayeinuka kwenye kiti, na kwamba tuzo zote ziwekwe pamoja na kugawanywa sawa kwa sawa. Wiki iliyopita nusura washikane mbele ya wenye shughuli.

Naomba ushauri wako, Mama. Nimdai nani, nimwambieje baba mdogo, na tuzo nizigawe vipi?

Mpiga kinanda, Buzuruga

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniandikia hesabu kamili, na nimeisoma mara mbili, kwa sababu ndani yake mna majibu kadhaa ambayo wewe mwenyewe hukuyaona. Nami nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi mara nyingi katika jiji hili, kwa hiyo nitakueleza mambo yanavyoonekana kutoka upande wa wale wanaoshika daftari.

Kamati ya harusi ni chombo cha ajabu. Inaundwa na watu wasiokuwa na biashara yoyote kati yao, inakusanya mamilioni ya shilingi kwa wiki chache, inatumia kila inachopata, kisha inafanya karamu ya kujivunja yenyewe. Haina ofisi, haina mali, na baada ya karamu ile haina hata mwenyekiti. Wewe umekuwa ukiikopesha, na wakati wa kudai umekuja baada ya mkopaji kutoweka. Hilo ndilo tatizo lako la msingi, wala sioni kwamba umeangukia watu wabaya kuliko wengine.

Angalia jinsi fedha inavyotoka. Bajeti hupangwa kwa kutegemea ahadi, na ahadi hazitimii zote. Kila mweka hazina anajua hivyo tangu kikao cha kwanza ingawa hakuna anayelisema kwa sauti. Kwa hiyo kadiri siku inavyokaribia, fedha iliyopo inakwenda kwa yule asiyeweza kungoja. Mwenye ukumbi hafungui lango kabla ya kulipwa. Mpishi anataka fedha ya soko alfajiri. Vinywaji vinanunuliwa kwa taslimu, mpambaji haleti vitambaa vyake kwa maneno matupu, na keki haitoki dukani ikiwa imelipiwa nusu. Anabaki mwanamuziki, ambaye anashusha spika saa nane mchana, anafunga nyaya, anajaribu maikrofoni, anakula sahani ya mwisho jikoni akiwa amesimama, kisha anapiga mpaka usiku wa manane kwa ahadi ya kulipwa baadaye. Pengo lote la bajeti linazibwa na yeye. Nimeshuhudia kamati ikijadili kwa saa nzima rangi ya vitambaa vya viti, na ilipofika zamu ya muziki mwenyekiti akasema tu kwamba hao vijana ni waelewa, tutaongea nao. Hakuna aliyecheka, na wala hakuna aliyeona kwamba limesemwa jambo la kukosesha haki.

Sasa tuje kwenye deni lenyewe. Ile picha ya Nyegezi usiifute. Kwa desturi yetu kamati huvunjwa kwa fedha iliyosalia au kwa mchango mpya wa wanakamati wenyewe, na kwa vyovyote vile ni ushahidi kwamba watu wale walikaa pamoja baada ya harusi, wakaagiza mbuzi, na hawakukutaja. Usiitumie kumwaibisha mtu mitandaoni, kwa sababu wageni mia tatu waliokuona ukipiga vizuri watakukumbuka kwa ugomvi badala ya kukukumbuka kwa muziki. Picha ihifadhi tu.

Unauliza umdai nani. Mdai yule uliyekubaliana naye, yaani mwenyekiti, kwa jina lake na si kwa cheo chake. Kamati isiyosajiliwa popote si mtu mbele ya sheria, lakini yeye ni mtu. Ndiye aliyekuita, ndiye aliyekubali bei, ndiye aliyekupa kishika uchumba kwa mkono wake. Wanamuziki wengi hukata tamaa kwa kudhani kwamba bila karatasi iliyotiwa saini hakuna mkataba, na hilo si kweli. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo yanafunga, ilimradi yamefanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kukubaliana, kwa malipo na kwa jambo halali, isipokuwa pale sheria inapotaka maandishi. Kupiga muziki harusini hakumo katika mambo hayo. Ujumbe wenu wa simu kuhusu bei na tarehe unaweza kupokewa kama ushahidi kwa mujibu wa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na kama zile 400,000 au 200,000 zilipita kwenye simu, omba taarifa ya miamala kutoka mtandao wako mapema, kabla hujabadilisha simu au laini.

Mwandikie barua fupi isiyo na hasira. Itaje tarehe ya harusi, bei mliyokubaliana, kiasi mlichopokea, kiasi kilichobaki, na siku kumi na nne za kulipa au kupanga awamu. Mpelekee ukiwa na shahidi mmoja mwenye heshima, ikiwezekana mtu mzima kuliko wewe, na baki na nakala yenye saini ya kupokea. Siku hiyo hiyo, au kesho yake, nenda ukawaone wazazi waliosimamia harusi ile. Usiwaguse maharusi, hao ndio kwanza wameanza maisha, na deni hili hawakulifanya wao. Lakini nyumba iliyotoa shughuli haivunjwi kama kamati, na mara nyingi baba au mama mwenye harusi hajui kabisa kwamba kuna mtu hakulipwa. Waambie kwa adabu kwamba hukuja kuwadai bali kuwajulisha. Katika kamati niliyokuwa naijua, mzee wa nyumba alipopata habari kama hii alilipa mwenyewe kabla ya mwezi kwisha, akamalizana na mwenyekiti wake baadaye kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Siku kumi na nne zikipita kimya, ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kuwakutanisha, na baada ya hapo iko Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai ya madeni ya makubaliano kama hili na kuendesha mashauri yake kwa Kiswahili. Huna haja ya kukimbilia huko wiki hii. Sheria inakupa miaka sita kudai haki inayotokana na mkataba, lakini mashahidi husahau na simu hupotea, kwa hiyo usiitumie miaka hiyo kama mto wa kulalia.

Fedha ya kwanza itakayopatikana, hata ikiwa awamu ya 50,000, impelekee mke wako, na uendelee hivyo mpaka 180,000 zitimie, kabla hujajilipa wewe. Tena usingoje deni lilipwe. Kazi yenu inayofuata toa sehemu yake humo, kwa sababu mama yule hakuikopesha kamati. Alikukopesha wewe, na mtaji wa dagaa ukipungua kwa miezi mitatu si fedha tu inayopotea, ni wateja wa Shinyanga wanaotafuta muuzaji mwingine. Usimwombe arudishe kitabu cha kikundi nyumbani. Kiache huko kwa shoga yake, kinakaa vizuri.

Kuanzia sasa badilisha masharti. Nusu ya malipo itolewe siku ya kukubaliana, na nusu iliyobaki ikamilike siku ya Alhamisi kabla ya harusi ya Jumamosi. Nimechagua Alhamisi kwa sababu kamati nyingi hufanya kikao cha mwisho katikati ya wiki, na fedha iliyopo kikaoni siku hiyo bado haijaenda sokoni. Pia usifikie mahali pa kugoma ukumbini. Anayezima kinanda maharusi wakiwa mlangoni anawaadhibu wasiohusika, na hata akilipwa amekwisha. Alhamisi ikipita bila fedha, kenta haiji, na hilo walijue tangu siku ya kwanza, kwa maandishi, ili lisiwe tishio bali liwe utaratibu.

Maandishi hayo yasizidi ukurasa mmoja, lakini yasiache mambo ambayo ndiyo huleta maneno usiku. Yataje mtu mmoja, kwa jina na namba ya simu, mwenye jukumu la kulipa. Yataje saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kwa kuwa wote tunajua kwamba kadi husema saa kumi na mbili jioni na maharusi huingia saa tatu. Mkikubaliana saa tano za muziki, zihesabiwe tangu saa mliyotakiwa kuwa tayari, na kila saa ya ziada iwe na bei yake. Umeme ukikatika, nani ana jenereta na nani ananunua mafuta? Vibali vya shughuli na vya muziki wa usiku ni kazi ya mwenye shughuli, kwani tangu kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo zianze kufuatiliwa, sherehe ya nyumbani katikati ya makazi inaweza kupunguzwa sauti au kusimamishwa, na ikisimamishwa malipo yenu yasipunguzwe. Na andika chakula cha watu sita, mezani, kabla ya shughuli kuanza. Ni jambo dogo, ila mpiga ngoma mwenye njaa anajulikana kuanzia wimbo wa pili.

Najua utasema wateja watakimbia. Baadhi watakimbia, hasa wale ambao wangekudhulumu. Lakini nawe ijue kalenda yako. Kwaresima na Ramadhani kazi hupungua, na wakati huo unaweza kulegeza bei, si masharti. Pamba ikishanunuliwa, kuanzia katikati ya mwaka, vijiji vya Magu, Kwimba na Misungwi vinaoza na kuoa, na mwezi wa Desemba hakuna Jumamosi iliyo wazi kwa bendi inayojulikana. Siku hizo wewe ndiye unayetafutwa. Hata visiwani kuna msimu wake usiofanana na wa mjini: wavuvi wa dagaa hutegemea giza ili taa zao zivute samaki, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi wengi wako nchi kavu, na shughuli zao hupangwa hapo. Mwenye bendi anayefuata mwandamo wa mwezi anaweza kuziba mapengo ambayo wenzake wa mjini hawayaoni.

Kuhusu tuzo, nitaanza na jambo ambalo hukuniuliza. Kwa hesabu yako mwenyewe, harusi ya Agosti ingelipwa kamili, ungetoa gharama 380,000, ungelipa wenzako 400,000, na ungebaki na 420,000. Mtu mmoja angepata zaidi ya wenzake watano kwa pamoja. Sisemi umewaibia. Kinanda ni chako, mikisa ya sauti ni yako, simu za wateja unazipokea wewe, na hasara ya Agosti uliibeba peke yako, tena hadi kwenye mtaji wa mke wako. Ninachouliza ni kama wenzako wanaijua hesabu hiyo. Kama hawaijui, wanaikisia, na anayekisia fungu la kiongozi wake huzidisha. Ndipo tuzo zinapokuwa uwanja wa vita, kwa sababu ndiyo fedha pekee ya bendi ambayo kila mtu anaiona kwa macho yake.

Waite wote, siku isiyo na kazi, na uwawekee karatasi mezani. Onyesha fungu la gharama, fungu la vyombo, fungu la uongozi na fungu la kila mpigaji. Ushauri wangu ni kwamba fungu la vyombo litengwe wazi, lisiwe ndani ya mfuko wako, ili siku mikisa ikiungua pasiwe na mchango wa ghafla. Huenda wakaomba 80,000 ziwe 100,000. Wakiomba, sikiliza, maana hata hivyo ungebaki na 320,000.

Ukishamaliza hilo, suala la tuzo ni jepesi. Mpiga besi ana hoja, lakini mgawanyo wa sawa kwa sawa siukubali. Hapa Usukumani tangu zama za mababu, katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake, na manju, yaani kiongozi wa ngoma, hutafuta kila mbinu ya kuwavuta; mwimbaji wako anafanya kazi hiyo hiyo ya manju ndani ya ukumbi wenye viyoyozi. Anayejifunza majina ya wajomba wa bibi harusi kabla ya shughuli anafanya kazi ambayo mpiga besi haifanyi. Akigundua kwamba kila noti inayowekwa kwenye paji la uso wake inagawanywa kwa watu sita, ataacha kujifunza majina, na hapo hata hicho cha kugawana hakitakuwapo. Kwa upande mwingine, hakuna anayetunza mwimbaji asiye na muziki nyuma yake. Basi anachotunzwa yeye mwenyewe achukue nusu, na nusu iingie kwenye kikapu cha bendi. Kinachowekwa jukwaani bila kumlenga mtu kiende kikapuni chote. Na mpigaji mwingine akitunzwa binafsi, kanuni iwe ile ile ya nusu kwa nusu. Kikapu kihesabiwe usiku huo huo, mbele ya wote, na mtu ambaye si wewe wala si mwimbaji. Mpiga besi angefaa sana kwa kazi hiyo.

Sasa baba mdogo. Huyu si kamati, na nisingependa umtendee kama kamati. Alikulipia ada wakati hukuwa na mtu, na katika kikao kile hakusema "muziki wa bure"; alijivunia mwanawe mbele ya watu. Kosa liko katika bajeti tu: amehesabu jasho la watu watano asiowajua kana kwamba ni lako. Wewe una haki ya kutoa kilicho chako. Cha wenzako huna.

Kwa hiyo toa kilicho chako chote. Tukishika bei ile ile ya Agosti, fungu lako la 420,000 lifute, na liandikwe kwenye daftari la michango kama mchango wako kwa dada yako, lisomwe kikaoni kama michango mingine inavyosomwa. Ni mchango mkubwa kuliko wa wengi watakaokuwa kwenye orodha hiyo, na baba mdogo ataweza kuutaja kwa kifua mbele. Zitabaki 780,000, yaani gharama 380,000 na wenzako 400,000, ambazo kamati izilipe kwa masharti yale yale ya Alhamisi. Mafuta ya kwenda Sengerema yatazidi kidogo ya mjini, lakini tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hamna tena kungoja kivuko na spika mkiwa juu ya kenta, na mnaweza kurudi usiku huo huo bila kulipia malazi, ilimradi dereva asiwe ameshiriki shughuli.

Inawezekana akakwambia kwamba 780,000 hazipo, na inawezekana kweli hazipo. Hapo uwe na njia ya pili uliyoiandaa tayari: wewe uende Sengerema na kinanda chako na mwimbaji mmoja, ambaye utamlipa wewe 80,000 zake, mkatumie spika atakazotafuta mshereheshaji au za kanisa la huko, na bendi iliyobaki ikapige Pasiansi kwa bei kamili na mpiga kinanda wa kukodi. Jiji hili lina makanisa mengi na kila kwaya kubwa ina mpiga kinanda anayeweza kusoma nyimbo zenu kwa mazoezi machache. Mteja wa Pasiansi mweleze mapema kwamba hutakuwapo wewe, asije akagundua ukumbini. Bendi inapata Desemba yake, na baba mdogo anampata mwanawe, na nadhani ndiye aliyemtaka.

Usimweleze haya kwa simu, wala usiyapeleke kikaoni kwanza. Nenda nyumbani kwake siku ya kazi, jioni, ukiwa umetangulia kuzungumza na mama mdogo au na shangazi yenu yeyote ambaye baba mdogo humsikiliza, ili ukifika jambo lisiwe geni. Ukishasalimia na kukaa, anza na mchango wako: "Baba, nimekuja kuleta mchango wangu wa harusi ya dada. Kinanda changu na mikono yangu havina bei kwako. Wenzangu watano ni vibarua kama vibarua wengine, nao naomba kamati iwaangalie." Kisha mpe karatasi yenye mafungu mawili, lako lililofutwa na lao. Akikasirika, usijibu usiku huo; mwachie karatasi, mwombe ruhusa uondoke, na mwachie mama mdogo sehemu iliyobaki.

Nenda wiki hii, kabla ya kikao kijacho. Bajeti ikisomwa mara ya tatu bila kifungu cha muziki itakuwa vigumu kwa yeyote kukiongeza, na mteja wa Pasiansi naye anasubiri jibu lake.